Mjumbe Aliyerudi Bila Kula

Rågsved, Stockholm
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa Mama Leokadia,

Shikamoo.

Hunijui, ila umeniona mara moja. Mimi ni yule msichana wa koti la njano aliyesimama mlangoni kwako mwezi wa kumi, Jumatano mchana, akakusemesha kwa Kiingereza. Ulisema "non merci, ma fille", yaani hapana asante, binti yangu, ukasema, kama nilielewa vizuri, kanisa unalo tayari, ukafunga mlango. Sikuwa mhubiri. Nilitumwa na mdogo wako, Pélagie.

Naitwa Amne, nina miaka kumi na sita. Nakuandikia kwa sababu nina anwani yako tu, simu yako sina, na kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayeniangalia.

Mama Pélagie alikuwa jirani yetu hapa Rågsved, ghorofa ya chini. Mama yangu anahudumia wazee kwa zamu, kwa hiyo tangu nina miaka miwili nilikuwa nashinda kwa Mama Pélagie. Siku hizi amehamia Södertälje, na Jumapili napanda treni kumfuata. Aliposikia darasa letu linakwenda Liège wiki nzima, aliingia chumbani, akatoka na kifurushi kidogo: chumvi iliyofungwa ndani ya kitenge alichopewa na mama yenu siku alipoondoka Bukavu. Akanieleza utaratibu wenu. Mdogo akimkosea mkubwa haendi mwenyewe. Anatuma mtoto wa nje, maana mtoto hafukuzwi mlangoni. Mkubwa akikubali, anakifungua kifurushi kwa mikono yake mbele ya mjumbe, anaonja chumvi, na mjumbe anapewa chakula. Mjumbe akirudi bila kula, hakuna kilichokubaliwa.

Mama Leokadia, nilidhani Kiingereza kitanitosha. Huku Stockholm ukikosea neno moja tu la Kiswidi, mtu anahamia Kiingereza kabla hujamaliza sentensi. Kwenu dereva wa basi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akanijibu kwa Kifaransa, maneno mengi, na mikono. Nikasema "okay". Nikashuka kituo ambacho hakikuwa chenyewe. Nikapanda ngazi ambazo haziishi. Nikaingia duka la mikate kuuliza njia, nikatoka na mkate mrefu ambao sikuuomba, nikaulipia kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na foleni. Annick, msichana niliyekuwa naishi kwao, alitaka kunisindikiza anitafsirie. Nilimkatalia. Alikuwa ameniandikia sentensi moja ya Kifaransa kiganjani. Nilipofika kwako jasho lilikuwa limeshaifuta.

Sasa sehemu ambayo sijamwambia mtu. Ulipofunga mlango, nilibaki pale. Nikakusikia ndani ukiongea na simu: "Hapana, ni mutoto tu, anahubiri sijui nini." Kwa Kiswahili. Kiswahili kilekile cha jikoni kwa Mama Pélagie. Ningeweza kubisha tena na kusema neno moja. Sikubisha.

Mimi Kiswahili sijawahi kukitumia kwa mtu nisiyemjua. Shule nimesoma kwa Kiswidi na Kiingereza. Mama yangu ni wa Kigoma, akiniongelesha namjibu Kiswidi. Siku moja kwenye harusi huko Fittja nilimsalimia shangazi mmoja, na Kiprono, mtoto wa rafiki yake mama, akasema mbele ya meza nzima: "Sikilizeni, huyu anaongea kama bibi kizee wa Kongo." Walicheka, si kwa ubaya. Tangu siku hiyo nilikifungia Kiswahili kwa mtu mmoja tu, Mama Pélagie. Kwa hiyo nilishuka ngazi zako, nikaula ule mkate kituo cha treni.

Nilivyorudi Mama Pélagie alikuwa ananisubiri getini, kituo cha treni cha Södertälje, na sare yake ya kazi. Akauliza: "Alifungua?" Nikasema alifungua. "Akaonja?" Akaonja. "Akakupa nini?" Nikasema sombe, kile kisamvu anachonipikia. "Sombe na nini?" Na samaki. Akageuka akaangalia ratiba ya treni kwa muda mrefu, na mimi nikajua anasoma kitu ambacho hakikuandikwa pale.

Nilidhani itaishia hapo. Lakini Krismasi aliniambia amekata tiketi. Anakuja kwako Alhamisi kabla ya Pasaka, tarehe 17 Aprili. Siku hizi anaimba akiosha vyombo. Kifurushi kiko chini ya kitanda changu, ndani ya begi la michezo.

Naomba uniambie nifanye nini. Nikitume kwa posta?

Samahani kwa yote,
Amne


Liège, 3 Februari 2025

Amne,

Hiyo shikamoo yenu, sisi kwetu Bukavu hatuna, lakini nimeipokea, sitairudisha.

Nakukumbuka. Mutoto wa mkate. Nilisema na rafiki yangu kwenye simu: siku hizi wanahubiri hata na mkate. Kama ungesema jambo moja tu kwa Kiswahili, hata "mama, jambo", ningekuvuta ndani na koti lako. Donc, basi, hapo tumekosa wote wawili, weye kwa kunyamaza na miye kwa haraka.

Kifurushi usitume. Chumvi ya posta ni chumvi ya duka tu.

Kuhusu mdogo wangu, sina ahadi ya kukupa. Mama yetu alizikwa tarehe 12 Aprili 2014. Miye nilitoka hapa Ubelgiji nikaenda. Binamu walitoka Kigali, Lubumbashi. Pélagie alituma neno moja kwa simu ya jirani, kwamba hataweza. Hakusema sababu. Hakuomba ruhusa. Nilisimama peke yangu kama mtoto wa pekee, na mama alikuwa amezaa wawili. Miaka kumi na moja sijasikia sauti yake. Anataka chumvi ifanye kazi ambayo mudomo wake haukufanya.

Akija hiyo tarehe 17, sijui kama mlango utafunguka. Nakuambia vile ilivyo.

Lakini niko na swali, na usinifikirie vibaya. Weye umeishi naye. Ile miaka alikuwa namna gani? Anavaa nini kwa baridi hiyo? Bado analala na taa? Unikumbukie kila kitu unachoweza. Simu sitaki. Andika.

Leokadia


Rågsved, 12 Februari 2025

Mama Leokadia, shikamoo tena, kwa kuwa umesema huirudishi.

Ndiyo, bado analala na taa. Taa ndogo ya umbo la uyoga, niliichagua mimi dukani, nilikuwa na miaka minne.

Baridi anavaa soksi mbili, na juu ya koti anafunga kitenge kiunoni, hata kwenye treni. Nilipokuwa mdogo nilimwona ni malkia. Nilipofika darasa la saba nilimwomba asije hivyo shuleni. Hakuja tena hivyo. Hilo pia nalikumbuka, ingawa ungependa labda mazuri tu.

Jikoni kwake kulikuwa na dirisha linaloangalia uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Saa nane na nusu, Desemba, giza limeingia, yeye anawasha jiko, anasema: "Njoo tukae karibu na jua." Jua lilikuwa jiko. Tulikaranga karanga. Alinifundisha kuhesabu kwa karanga, na kumi ikipita naruhusiwa kula moja.

Kuna kitu nimeandika mara tatu na kukifuta. Nakiandika sasa.

Kumbukumbu yangu nzuri kuliko zote za utotoni ni siku tulizokaa kambini. Mimi ndiye niliyeziita hivyo. Siku moja mama aliniacha kwa Mama Pélagie kama kawaida, nikakuta ameshusha godoro sakafuni. Mapazia yamefungwa, kioo cha korido kimefunikwa na shuka. Akasema leo tunakaa chini. Siku tatu tulikaa chini. Tulikunywa chai na mkate, kwenye sahani moja. Kengele ya mlango ililia, hakwenda kufungua, mimi nikadhani ni sehemu ya mchezo, nikaziba mdomo nisicheke. Aliimba wimbo mmoja, polepole, huohuo, mpaka nikaushika wote. Wiki iliyofuata niliuimba shule ya chekechea, na mwalimu akafurahi akaniambia nisimame niwaimbie wenzangu.

Nilikuwa na matawi yale ya Pasaka, tunayoyafunga manyoya ya rangi. Nilikuwa nimemletea. Aliyaweka kando ya godoro. Na ndiyo mwaka niliong'oka jino la kwanza, kwa hiyo ni 2014.

Niliposoma tarehe kwenye barua yako nilikwenda bafuni nikakaa. Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia kambi ile kama hadithi ya kufurahisha. Niliisimulia mbele yake, mwaka jana tu, na yeye akacheka nami.

Hakuna mwingine aliyekaa naye. Ni mimi tu.

Mengine: anapenda chai ya tangawizi. Aliacha kusuka nywele 2015. Mwaka ule tulipomfanyia karamu ya karatasi zake, mama alioka keki yenye bendera, naye akaikata vipande vidogo ili kila mtu wa jengo letu apate, hata mzee wa juu aliyekuwa akilalamika kelele.

Amne


Liège, 24 Februari 2025

Amne,

Hiyo karamu. Ya keki. Karatasi gani, na mwaka gani? Muulize mama yako. Pélagie usimuulize.

Leokadia


Rågsved, 5 Machi 2025

Mama Leokadia,

Nimemuuliza mama. Ni kibali cha kukaa. Alikipata Juni 2016, baada ya kukataliwa mara mbili. Mama anasema kabla ya hapo angetoka Sweden asingeruhusiwa kurudi, na hata pasipoti ilikuwa imeshikwa. Nakutumia picha. Wa gauni la bluu ni yeye, mwenye keki puani ni mimi.

Mama aliniuliza kwa nini nataka kujua. Nikasema ni kazi ya shule. Naona nimeanza kuwa mzuri kwa hili.

Jumapili Mama Pélagie alinionyesha sanduku lake. Ameshalifungua kitandani, na bado mwezi na nusu. Aliniuliza kama nyumbani kwako kuna baridi, kama una zulia. Nikamjibu. Mimi sijavuka kizingiti chako, na nikamwambia zulia lako ni jekundu.

Amne


Liège, 17 Machi 2025

Amne,

Picha nimeiweka kwenye kabati la vyombo. Amefanana na mama, pale kwenye kidevu.

Sasa sikiliza, weye ni mkubwa wa kutosha. Mwaka 2012 Pélagie alimpigia mama, akasema: karatasi zimetoka, mama, sasa miko mtu wa huku. Mama alikuwa mgonjwa wa presha, hakuwa analala, alikuwa anasema watamrudisha mutoto wangu na ndege kama muzigo. Ile siku alichinja kuku. Aliita jirani. Kwa miaka miwili alilala vizuri, na akafa akijua mutoto wake amefika.

Zilikuwa hazijatoka. Unaona? Uliponiandikia keki, nilihesabu. Mwaka 2014 hakuwa na kitu. Na asingeweza kusema, kwa sababu mama alikuwa hapo kwenye sanduku, na watu wote wa mtaa waliokula kuku wangejua kwamba ile furaha ya mama ilikuwa ya kutungwa. Donc akanyamaza.

Na watu waliniuliza, mbele ya kaburi: Pélagie na karatasi zake zote, iko wapi? Nilijibu kwa sauti: amekuwa Mzungu, tumuache. Nilisema hivyo, Amne. Watu wakatikisa kichwa.

Tangu nipate barua yako ya kambi silali sawasawa. Miye nilikuwa na watu mia mbili. Yeye alikuwa na mutoto wa miaka tano anayeziba mdomo asicheke.

Lakini hiyo haikuoshi weye. Kwenye familia yetu uongo wa kumfurahisha mtu umekwisha kutugharimu mara moja, sitaki wa pili uingie kwangu na sanduku. Uende Södertälje. Umwambie kwamba mjumbe hakula. Umwambie pia kwamba najua ya 2016. Umwambie vyote viwili, na kwa mudomo, si kwa barua. Kwa barua weye ni shujaa sana.

Zulia ni la kijani.

Leokadia


Rågsved, 2 Aprili 2025

Mama Leokadia,

Nimemwambia. Jumapili ya juzi. Nilikaa kwenye treni nikapitiliza kituo, nikarudi.

Alikuwa anapiga pasi. Nilitoa kifurushi kwenye begi, nikakiweka mezani, fundo likiwa vilevile alivyolifunga. Nikaanza kwa Kiswidi, kama kawaida yangu nikiogopa. Akasema: "Hapana. Anza tena." Nikaanza tena kwa Kiswahili. Nilisema mlango, mkate, simu, sombe. Aliendelea kupiga pasi mkono mmoja wa blauzi mpaka nikasema, "Mama, unaunguza."

Akazima. Akauliza kitu kimoja tu: "Aliufunga kwa nguvu au polepole?"

Nikasema polepole. Huo ni ukweli, Mama Leokadia, nilikumbuka vizuri.

"Na alikuita nani?"

"Ma fille."

Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani yamekwisha, ila bado lilikuwa la pili. Nikasema: "Anajua ya karatasi. Anajua ni 2016. Ni mimi niliyemwandikia, sikujua ninachoandika." Hapo alikaa chini. Si kwenye kiti. Alikaa sakafuni, ameegemea kabati, na mimi sikujua kama nikae naye au niondoke. Nilikaa. Akasema: "Nilitaka mama alale tu. Nilisema nitairekebisha zikitoka kweli."

Kisha akasema hataenda. Kwa sababu mjumbe amerudi na kila kitu kama alivyoondoka, basi hajaitwa, na mdogo hajipeleki. Atairudisha tiketi.

Alinipa chakula, lakini hakula nami. Aliponisindikiza getini hakunikumbatia. Alinifunga zipu ya koti mpaka kidevuni, kama nilipokuwa mdogo.

Sijui kama amenisamehe. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu uso wake.

Amne


Liège, 9 Aprili 2025

Amne,

Barua hii nimelipia ifike mbio. Mpelekee mkononi, asome mwenyewe:

Pélagie. Tiketi usirudishe. Kwetu mkubwa haiti, anaitwa. Mama angekuwepo angenigombeza, lakini hayupo, na waliobaki ni sisi. Nakuita. Uje bila mjumbe. Nitakuwa gare, pale treni inaposimama, nimevaa koti la kahawia.

Miye dada yako mkubwa, yaya wako


Liège, Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Amne mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu yaya anasema weye barua unaziamini kuliko watu. Na kwa sababu nikikuona Jumapili nitaanza kukugombeza, na ninataka hii uipate kwanza.

Nilifika. Yeye alikuwa upande mwingine wa reli, tukatazamana juu ya reli mbili kama wajinga, kila mtu akimwambia mwenzake kwa mkono abaki pale pale. Tulipokutana hatukukumbatiana. Akasema: "Umenenepa." Nikasema: "Na weye umezeeka, yaya." Akachukua sanduku langu, nikakataa, tukalivuta wote wawili mpaka basi.

Ijumaa Kuu hatukusema kitu juu ya mama. Alinirekebisha namna ya kukata vitunguu. Alicheka Kiswahili changu, anasema kimekuwa cha Kigoma, mama yako ameniharibu. Alilala saa mbili. Miye nilikaa jikoni kwake nikisikia watu wakiongea Kifaransa mtaani, nikawaza vile ulipita hapo chini peke yako na mkate wako, na hasira ikapungua kidogo. Kidogo. Yaya anasema ukija utakula, lakini uongee.

Jumamosi asubuhi alileta diski. Unajua kwetu mazishi yanapigwa video, fundi wa mtaa anakuja na kamera, kila familia inabaki na yake. Alikuwa nayo miaka kumi na moja kwenye bahasha. Hajawahi kuitazama. Akasema, "Peke yangu sikuweza."

Ina urefu wa saa tatu na nusu. Tuliitazama yote. Alikuwa anasimamisha, ananionyesha: huyu ni mtoto wa Mwamba, amekuwa mrefu hivi, huyu ndiye aliyepika, hapa mvua ilianza, tukamfunika mama na mwavuli kwanza, halafu sisi. Niliuliza kila kitu. Nani alimvisha. Viatu gani. Alinijibu kimoja kimoja, hakuchoka.

Mbele ya kaburi amesimama yeye, na upande wa pili mjomba Ephraim. Kati yao kuna nafasi ya mtu mmoja. Fundi alikuwa anawaambia kwa mkono wasogeleane, waingie vizuri kwenye picha, na wao hawasogei. Yaya akasimamisha hapo. Akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, akasema:

"Walitaka niizibe. Nilikataa. Nilikuwa na hasira na weye, lakini nilikataa."

Tulikaa tukaiangalia hiyo nafasi. Nyasi tu, na udongo mwekundu, na viatu vya watu wa nyuma. Kisha akaniuliza kama niko tayari, nikasema niko, akabonyeza, tukaenda kuzika.

Mama yako,
Pélagie